Poka: nikifika karata ya nne na riva (ya tano, ya mwisho) napotea, nisaidieni

MtotoWaMikindani
Wakuu habari za jioni. Niko Mikindani hapa, tuko washkaji wanne tunacheza poka ya Texas kila jioni tukitoka kazini, hatuwekei hela, tunatumia korosho ghafi na maganda yake, kila mtu anaanza na 200. Karata mbili za mkononi naelewa, zile tatu za kwanza mezani naelewa, ila ikija ya nne na ya mwisho ndo korosho zangu zinaishia hapo na inaniuma maana huu mchezo naupenda kweli.

Mfano wa jana. Mkononi nina esi ya kopa na 9 ya kopa. Mezani K ya kopa, 6 ya kopa, 2 ya maua. Ya nne ikaja 10 ya shupaza. Katikati kuna korosho 40, jamaa akasukuma 20, nikalipa kwa sababu nilishasoma ukiwa na kopa nne flashi (kopa tano) inaingia kama mara 35 kwenye 100. Riva 4 ya uru, hamna kitu. Akasukuma 40, nikawa namwangalia anavyozipanga mojamoja pale kwenye mkeka nikahisi ananitisha tu, nikalipa na esi yangu kavu, hata pea sina. Akafunua K na 10. Nilikosea wapi?

FundiMasasi
Mkuu hiyo 35 ni sahihi ila ni ya pale mezani zikiwa tatu, bado mbili zinakuja. Ya nne ikishalala imebaki moja tu, hesabu inashuka karibu nusu. Karata 52, umeshaona 6, bado 46. Kopa 13, umeona 4, bado 9. 9 kwenye 46 haifiki hata asilimia 20. Sasa bei: unatoa 20 kugombea 80 (40 za katikati, 20 zake, 20 zako), hiyo ni robo, unatakiwa ushinde mara 25 kwenye 100. Tupa. Ukiwa mezani huna muda, hesabu karata zinazokuokoa zidisha mara 2 upate asilimia, zikiwa bado mbili za kuja zidisha mara 4.

DadaWaLindi
Hesabu nakubali kaka Fundi ila kutupa sio moja kwa moja. Kuna esi 3 zimebaki, kama jamaa ana K moja tu esi ikishuka anapitwa, 9 na 3 ni 12, kwenye 46 ni asilimia 26, hapo bei inalipa. Jana ndo alikuwa na pea mbili, K na 10, esi isingekusaidia na hata 10 ya kopa ingempa fulu hausi (10 tatu na K mbili, inaishinda flashi), kwa hiyo zilizokuokoa kweli ni 8.

Ila mdogo wangu kosa kubwa ni la riva. Pale hakuna kinachokuja tena, esi kavu inamshinda mtu asiye na kitu tu, na mtu asiye na kitu kwenye meza ile mara nyingi ni aliyekuwa anafukuza kopa. Kopa mbili, tena na esi yake, unazo wewe! Alikuwa anazifukuza na zipi?

MtotoWaMikindani
Duh. Na mimi je, ningeweza kumtisha?

FundiMasasi
Sio huyo, mtu kasukuma mara mbili na ana pea mbili hatoki. Siku akigonga meza tu bila kusukuma kitu, ukisukuma 40 kwenye 80 inatosha akitupa mara 1 kati ya 3. Na kama kijiweni kwenu kuna yule anayelipa kila kitu usimtishe kabisa, msubiri uwe na karata.

MtotoWaMikindani
Asante sana kaka, asante dada. Hiyo ya kopa kuwa mkononi kwangu sikuwahi kuiwaza, mi nilikuwa naiona ile esi ndo sababu ya kulipa.