Toleo jipya la programu ya kuhariri video: tupandishe au tubaki na la zamani?

Wakuu, kauli imezoeleka kwamba anayehariri video kwenye kompyuta ya nyumbani lazima apandishe kila toleo jipya likitoka. Nabisha. Kazi zangu ni harusi za ndugu na sherehe za watoto: kata, unga, weka muziki, andika majina, toa. Toleo nililonalo linayafanya yote hayo. Hilo jipya limejaa vikorombwezo vya akili unde, na kompyuta yangu ya RAM GB 8 inaanza kuhema kabla sijagusa kitu.

Halafu kurudi nyuma hakuna. Mradi ukishahifadhiwa kwenye Premiere Pro mpya, ile programu ya kuhariri ya Adobe, ya zamani haiufungui. Hata Final Cut Pro X ya Apple ilipotoka 2011 haikuweza kufungua miradi ya Final Cut Pro 7. Fikiria kazi ya miaka, imekaa hapo unaitazama tu.

Mchangiaji: Mkuu, hayo yanasimama kama na kamera yako ni ya zamani. iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC, mfumo mpya wa kubana video, mwaka 2017. Nililetewa klipu za aina hiyo, nikaziingiza kwenye programu yangu ya zamani: sauti naisikia, picha nyeusi tii. Usiku mzima nikawa nageuza faili moja moja. Vikorombwezo waachie wenyewe, shida ni faili unazoletewa.

Mleta mada: Programu ya HandBrake inageuza kwenda H.264, mfumo wa zamani wa kubana video, tena bure.

Mchangiaji: Inageuza, ila kila ukigeuza ubora unapungua kidogo, na diski inajaa.

Mchangiaji mwingine: Nyote mmeruka suala la leseni. Tangu 2013 Adobe ilipohamia Creative Cloud, Premiere Pro mpya ni ya kulipia kila kipindi. Hata Premiere Elements, iliyokuwa kimbilio la watu wa nyumbani, toleo la 2025 leseni yake ni ya miaka 3. Kwa hiyo swali ni kama unanunua au unapanga. Mimi nilihamia programu nyingine, DaVinci Resolve ya bure, inatoa video hadi 3840 × 2160 (4K) kwa fremu 60 kwa sekunde. Kasoro yake inataka kadi nzuri ya michoro, na kwenye Linux ile ya bure haisomi H.264.

Mleta mada: La HEVC nimelipokea, maana hata mimi kuna video ya simu ilinisumbua: mzee anafungua mdomo, salamu inafika baadaye. Kumbe simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde, programu yangu ikapotea hesabu. Lakini hilo nalo nililimaliza kwa HandBrake, kwa kufunga fremu ziwe sawa mwanzo hadi mwisho. Sikupandisha chochote.

Basi mwenye GB 8 anayehariri 4K kwenye Resolve bila proksi (nakala nyepesi za video za kuhariria) ajitokeze. Ikikubali kwako, nakunja jamvi leo hii.