Mwanamke wa Tanga anayetaka kusafiri peke yake: aanzie wapi, na ajiandae vipi?

BintiChumbageni anauliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Mimi ni mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, kazi yangu ni uhasibu, nina miaka thelathini na kidogo, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya kusafiri. Siendi kufanya biashara, siendi kutibiwa, wala sina ndugu ninayekwenda kumzuru. Ninataka kuona miji ya watu kisha nirudi kazini. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu kwetu mtu husafiri akiwa na sababu inayoeleweka, iwe harusi, msiba, ugonjwa, hija au mzigo wa dukani, na kila nikiligusia jambo hili mama yangu huniuliza nimekosa nini nyumbani.

Nimesoma maandiko mengi ya wanawake wanaozunguka dunia peke yao. Yanavutia, lakini mengi yameandikwa na wanawake wa Ulaya na Marekani, ambao pasipoti zao hufungua milango kabla hawajabisha hodi. Ukurasa mzima unaweza kumalizika kwa nasaha ya kuvaa mavazi ya stara, jambo ambalo mimi sikulisubiri nifundishwe na mtalii, ilhali suala la visa hupewa mstari mmoja. Hawaelezi afisa wa uhamiaji anamtazamaje mwanamke Mwafrika aliye peke yake, wala mwenye gesti atamfikiriaje.

Nia yangu ni kuanza na Mombasa na Lamu kwa njia ya nchi kavu, kisha, Mungu akijalia, mwakani niende Istanbul kwa kupitia Addis Ababa. Naomba wenye uzoefu wanieleze kuhusu nyaraka na malazi, na zaidi ya yote, ninapoulizwa na mtu nisiyemjua, "Uko na nani?", nijibu nini.

MwanaPangani anajibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umefanya vema kupanga kuanzia Kenya. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji visa ya Kenya, na hata ule utaratibu wa kuomba idhini ya kuingia kwa mtandao ulioanza Januari 2024 haumhusu. Utagongewa muhuri mpakani Horohoro na safari itaendelea. Tafuta pasipoti kamili, hata kama hati ya muda ingekutosha kwa Mombasa, kwa kuwa ndiyo utakayoitumia Uturuki, na nchi nyingi hutaka iwe imebakiza angalau miezi sita kabla ya kwisha. Shughulikia pia chanjo ya homa ya manjano mapema. Tangu 2016 sindano moja inatambuliwa kwa maisha yote, lakini cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo mtu anayekumbuka chanjo wiki ya safari anajitafutia usumbufu.

Kuhusu maafisa, nitasema waziwazi. Wasichana wengi wa Afrika Mashariki wamepelekwa nchi za Ghuba na mawakala kufanya kazi za ndani, na baadhi yao wamefikwa na mateso, kwa hiyo afisa akimwona mwanamke wa rika lako mwenye tiketi na asiye na mwenzake, mawazo yake huenda huko kwanza. Nimeulizwa maswali hayo katika uwanja wa ndege wa nchi yangu mwenyewe kabla ya kuulizwa ugenini, na sikuyapenda, ingawa ninaelewa yalikotoka. Dawa yake ni karatasi. Beba tiketi ya kurudi, uthibitisho wa mahali utakapolala, barua ya mwajiri inayoonyesha siku za likizo yako, na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, vyote vikiwa vimechapishwa, maana simu huzima chaji saa ile ile unapoihitaji. Jibu kwa ufupi na kwa utulivu, wala usijieleze zaidi ya ulichoulizwa.

Malazi ni somo refu. Usiku wa kwanza katika mji wowote mgeni uwe umeshaulipia na uwe na anwani yake, kisha malazi ya siku zilizobaki utayatafuta kwa macho yako mchana. Nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia, ambako utamkuta mama mwenye nyumba uani akichambua mchele, huwa na amani kuliko hoteli ya bei kubwa yenye baa chini. Kagua komeo la mlango kabla hujalipa. Omba chumba kisicho cha chini kabisa, na mhudumu wa mapokezi akitamka namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu, mwombe akubadilishie. Ni haki yako na huna haja ya kuona haya. Lamu utaipenda, ila tazama kalenda, kwa sababu katika Mfungo Sita watu humiminika huko kwa ajili ya Maulidi na vyumba hujaa. Kutoka Mombasa basi hukufikisha Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Kabla ya kukata tiketi ya basi hilo, uliza hali ya usalama ya barabara kwa wenyeji wa wiki hiyo, maana njia ya kutoka Garsen kwenda Lamu imewahi kuwa na mashambulizi.

Addis Ababa itakufurahisha kwa jambo dogo: Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, saa moja ikiwa ni asubuhi baada ya jua kuchomoza. Mzungu huchanganyikiwa pale, wewe hutachanganyikiwa, ilimradi ukumbuke kwamba tiketi ya ndege imeandikwa kwa saa za kimataifa.

Istanbul mwanamke hula peke yake bila shida. Ingia katika zile lokanta, yaani migahawa ya wafanyakazi, ambako vyakula vimepangwa nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole na kupakuliwa, na hakuna anayekutumbulia macho. Baadhi ya zile za zamani zina sehemu iliyotengwa kwa familia, na mwanamke aliye peke yake hukaribishwa huko.

Mtu akikuuliza uko na nani, mimi hujibu kwamba kuna mwenyeji ananisubiri, halafu ninaendelea na safari yangu.

Mzee wa Makorora anajibu:

Mwanangu, nimesoma swali lako kwa heshima na nitakujibu kama ambavyo ningemjibu binti yangu. Suala la mwanamke kusafiri bila mahram, yaani jamaa wa kiume asiyeweza kumwoa, halikutajwa, na katika mji kama huu wetu si vizuri likarukwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi pwani, mwanamke ameruhusiwa kwenda kutekeleza hija ya faradhi akiwa pamoja na wanawake waaminifu, lakini kwa safari isiyo ya faradhi wanazuoni wengi wameweka masharti makali zaidi, na wapo wa zama hizi wanaoangalia zaidi usalama wa njia. Sikuhukumu. Ninakushauri ulizungumze na mwanachuoni unayemwamini na uzungumze na mama yako kabla hujalipa nauli, kwa sababu safari ambayo nyumbani hawairidhii huwa nzito hata kama barabara ni ya lami.

Jambo la pili nitofautiane kidogo na MwanaPangani. Kusema unasubiriwa na mwenyeji ilhali husubiriwi ni uongo, na uongo wa safarini una tabia ya kudai maelezo mengine. Kwa nini usiufanye kuwa kweli? Mtu wa Tanga kukosa wa kumpokea Mombasa ni jambo gumu. Ulizia ndugu, jamaa, waliosoma nawe na watu wa msikiti wenu, utapata familia itakayokuwa na namba yako na saa yako ya kufika.

MamaNgamiani anajibu:

Mzee amesema la maana kuhusu mwenyeji, nami ninamuunga mkono, ila niongeze upande wetu wanawake. Wako watu wanaodhani kwamba mwanamke wa pwani kupanda chombo ni mambo ya siku hizi. Mwaka 1928 Siti binti Saad aliondoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri, wakati ambapo safari hiyo ilikuwa ya baharini. Ni kweli kwamba hakwenda peke yake, alikwenda na wapigaji wake, na hilo silifichi, kwa kuwa hata wewe, binti, hukatazwi kutafuta mwenzako wa njiani.

Mimi nilijifunza kutembea nchini India, nilikokwenda kumuuguza dada yangu. Alipopata nafuu ndipo nilipoanza kutoka nje ya hospitali peke yangu, kwanza hadi dukani, kisha hadi kituo cha treni. Katika treni za mjini Delhi behewa la kwanza limetengwa kwa wanawake, na Cairo pia nimeambiwa yapo mabehewa ya katikati ya wanawake tu; sehemu kama hizo zitafute kila mji unaokwenda, kwa sababu zaidi ya usalama, humo ndimo utakamopata habari. Wanawake wa Delhi, ambao hatukuwa na lugha moja, walinielekeza soko, bei ya haki ya bajaji na mtaa wa kuepuka, yote kwa vidole na vicheko.

Hakuna aliyekuambia kuhusu jioni, basi nitakuambia mimi. Mchana mtu ana shughuli. Jua likishazama, ile saa ambayo nyumbani kila mtu anarudi na sufuria ziko jikoni, ndipo upweke unapomkamata mgeni. Upweke huo ulinikuta pale Delhi nikalia bila sababu. Baadaye nikapata utaratibu: chakula changu cha jioni ninakula mapema, ninaoga, ninampigia simu mtu mmoja tu badala ya kumi, kisha ninaandika matumizi ya siku hiyo, nikitaja na watu niliokutana nao. Wewe ni mhasibu, hesabu hiyo itakuwa nyepesi kwako. Na jozi ya kanga usiiache, kwa kuwa inatosha kuwa shuka la kujifunika, taulo, na pazia la dirisha lisilo na pazia.

Karani wa Safari anajibu:

Machache kuhusu fedha na mizigo. Suala la visa ya Uturuki liulize katika ubalozi wao ulioko Dar es Salaam, usimwachie wakala wa mtaani anayesema kwamba anamfahamu mtu ndani. Usinunue tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya kupata visa. Ukija kuzitamani nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen, jua kwamba tangu Juni 2024 ada ya visa kwa mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi hata ukinyimwa, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na lazima uende Dar es Salaam mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, ingawa zikishachukuliwa huweza kutumika tena kwa miezi 59. Noti za dola ziwe mpya na zisizokunjika.

Pia achari ya embe ya mama usiiweke katika mkoba wa mkononi unapopanda ndege. Kitu chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100 huchukuliwa pale ukaguzini, na inauma sana kuiona ikitupwa. Benki ya chaji ya simu ni kinyume chake, hiyo hubebwa mkononi, hairuhusiwi katika mzigo unaowekwa chini ya ndege.

BintiChumbageni anajibu:

Nawashukuru nyote, na wewe Mzee wangu nimekusikia. Nimezungumza na mama. Hajaridhia Istanbul, lakini Mombasa amesema niende, kwa sharti kwamba nilale kwa binamu yake aliyeko Likoni, kwa hiyo swali la "uko na nani" limepata jibu lake kwa safari hii. Lamu nitaamua nikiwa huko. Limebaki moja: niondoke Tanga saa ngapi, na fedha nibadilishe wapi?

MwanaPangani anajibu:

Panda basi la asubuhi pale stendi ya Kange, ili hata mpakani kukiwa na foleni ufike Likoni kukiwa bado na mwanga. Horohoro badilisha kiasi kidogo tu cha nauli na chakula, uhesabu noti mwenyewe kabla ya kuondoka mbele ya aliyekubadilishia, na zilizobaki ubadilishe mjini kwenye duka lenye leseni. Mwambie binamu ya mama jina la kampuni ya basi na saa ya kuondoka. Kwa kuwa unalala Likoni hutahitaji kuvuka maji kwenda mjini siku hiyo hiyo. Kesho yake ukitaka kwenda mjini, kivuko ni bure kwa waendao kwa miguu, ila mkoba uwe mbele yako, maana pale watu husongamana.