Gari gani la kuvuta trela la glaida: Octavia, RAV4 haibridi, Model Y au Land Cruiser?

Mwanaanga_Alb

Heshima kwenu wakuu. Swali ni kwa mlioko Ujerumani mnaorusha glaida (ndege isiyo na injini), au yeyote anayevuta trela refu.

Watu watatu tumechanga tukanunua glaida ya LS4 (mabawa ya mita 15), imekuja na trela lake la Cobra. Trela lina breki, na uzito wa juu kwenye karatasi zake ni kilo 1,300. Gari nililonalo ni Corolla haibridi wagoni, kwa karatasi linaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu, kwa hiyo linauzwa. Leseni ni B ya hapa (ya gari dogo), nimefanya mitihani yote miwili upya baada ya ile ya Tanzania kuisha muda wake wa miezi 6.

Matumizi: kufuata glaida iliyotua mashambani huku kwenye milima ya Schwäbische Alb, na mwezi wa saba safari ya kwenda Serres, kusini mwa Ufaransa. Siku nyingine zote ni gari la familia na kazini. Ninayoyaangalia ni Octavia Combi 2.0 TDI (wagoni ya dizeli), RAV4 haibridi, Tesla Model Y, na Land Cruiser 150 ya jamaa anayeiuza kwa bei nzuri. Lipi?

---

FundiEkseli

Karibu mkuu. Kabla ya injini, fungua Fahrzeugschein (cheti cha usajili) ya kila gari usome namba tano. O.1 ni uzito wa trela lenye breki ambalo gari linaruhusiwa kuvuta. O.2 ni trela lisilo na breki, hiyo haikuhusu. Namba 13 ni mzigo unaoruhusiwa kukalia ndoano. G ni uzito wa gari tupu, na F.2 ni uzito wa juu wa gari likiwa limejaa.

Watu wengi wanachanganya hesabu mbili. O.1 inapimwa kwa uzito halisi wa trela siku hiyo. Cobra lenye glaida ya mita 15 ndani, maji ya kuongeza uzito yakiwa yametolewa mabawani, mara nyingi hucheza kati ya kilo 900 na 1,000. Leseni haiangalii uzito halisi. Inajumlisha F.2 ya gari na uzito wa juu ulioandikwa kwenye trela, hata kama trela ni tupu. Kwa B jumla isizidi kilo 3,500. Ukipita hapo hadi 4,250 unahitaji B96, yaani mafunzo ya saa 7 bila mtihani. Juu ya hapo ni BE, na mtihani wa barabarani.

Sasa weka magari yako humo. Octavia yenye F.2 ya karibu 2,000 ukijumlisha 1,300 ni 3,300, B inatosha. RAV4 haibridi ya magurudumu manne na Model Y zote zinaruka 3,500, kwa hiyo B96. Land Cruiser ndiyo inayochekesha: F.2 yake 2,990 na 1,300 ni 4,290. Kilo 40 zaidi ya B96! Ungelazimika kufanya BE ili uvute trela ambalo gari lile halilisikii hata kidogo.

RAV4 nayo ina mtego. Ile ya kuendesha magurudumu ya mbele tu inaruhusiwa kilo 800, ya magurudumu manne 1,650. Kwa nje zinafanana, muuzaji atakwambia "inavuta, ina ndoano". Soma O.1.

Kitu cha mwisho kwenye karatasi. Anayekuja kukufuata shambani si wewe, wewe uko kwenye glaida. Ni mwenzako wa klabu, na leseni yake ndiyo inayohesabiwa. Bima pia iwe inaruhusu madereva wengine. Ukinunua gari linalohitaji B96, nusu ya vijana wa klabu hawataweza kulichukua.

---

Kipanga77

Fundi amemaliza ya karatasi, mimi niongelee tabia ya trela lenyewe, maana si kama trela la mchanga.

Ni jepesi lakini ni refu, mita 9 hadi 10, na uzito wake umekaa vibaya. Mwili wa glaida unaingizwa mkia kwanza, kwa hiyo kiti cha rubani na mashina ya mabawa, ambayo ndiyo mazito, yanabaki karibu na mlango wa nyuma. Kiwanda kimesogeza ekseli nyuma ili kusawazisha. Ukirundika nyuma ya ekseli gurudumu la spea, vigoda vya mabawa, sanduku la zana na madumu ya maji, ndoano inanyanyuka. Trela lisilolalia ndoano vya kutosha ndilo linaloanza kutikisa mkia ukifika 90 au lori likikupita.

Sheria inadai angalau asilimia 4 ya uzito wa trela ikalie ndoano (si lazima izidi kilo 25). Usiridhike na hiyo. Lenga karibu na kikomo cha gari au cha kikombe cha trela (kinachokalia ndoano), kile kilicho kidogo. Octavia nyingi ni 75 hadi 80, kwa hiyo 65 hadi 75 ni pazuri.

Kupima: trela kwenye sakafu iliyonyooka, kabari magurudumuni, glaida na vifaa vyote ndani kama utakavyosafiri. Weka mizani ya bafuni chini ya kikombe, kata kipande cha mti kisimame kati yake na mizani ili kikombe kiwe kimo kilekile cha ndoano ya gari, kisha nyanyua gurudumu dogo la mbele. Kimo ni muhimu. Pua ikiwa juu unasoma namba ya uongo.

Hapo ndipo magari marefu kwenda juu yanaponikera. Katikati ya kichwa cha ndoano kwa kawaida ni sentimita 35 hadi 42 kutoka chini gari likiwa limejaa. Magari ya porini yameruhusiwa kuzidi, na yanazidi. Pua ya trela ikipanda, mkia unashuka, na mkia wa Cobra ni mrefu. Utausikia ukikwaruza lami kwenye kila mlango wa shamba. Wagoni wa chini, wenye umbali mrefu kati ya ekseli na nyuma fupi baada ya magurudumu, unavuta trela hili vizuri kuliko jitu la tani mbili na nusu.

Kura yangu: Octavia 2.0 TDI. O.1 yake ni karibu 1,600, torki inapatikana injini ikizunguka polepole, na mafuta hainywi.

---

MamaDizeli

Kipanga, kwa barabara kuu nakubali. Kwa shambani sikubaliani nawe hata kidogo.

Kilo 70 nyuma ya ekseli ya nyuma zinapunguza uzito kwenye magurudumu ya mbele, na Octavia ya kawaida inasukuma kwa hayo hayo ya mbele. Majani mabichi saa moja jioni, mteremko kidogo, tairi za kiangazi zilizochakaa: inazunguka palepale na kuchimba. Octavia ya magurudumu manne ipo, tafuta hiyo. Ukikosa, basi tairi za misimu yote zenye kina kizuri, na mkanda wa kuvutia wa mita 10 au zaidi kwenye buti, ili gari lingine likuvute likiwa limesimama kwenye barabara ngumu.

Na RAV4 ya magurudumu manne usiipe sifa isizo nazo. Nyuma ina mota ndogo ya umeme, hakuna propela shafti kutoka mbele. Inakutoa kwenye majani, kwenye tope zito inachoka.

Ila utaratibu unashinda gari. Trela libaki kwenye barabara ngumu. Mwone mwenye shamba kwanza, kisha tembea kwa miguu njia yote ambayo unafikiri gari litapita. Ukitilia shaka, fungueni glaida pale ilipo mbebe vipande. LS4 ni mabawa mawili, mwili, na bawa dogo la mkia. Watu wanne wanamaliza kabla trekta haijafika.

Giaboksi: otomatiki za klachi kavu mbili, zile za injini ndogo za petroli, hazipendi kutambaa na trela kwenye mwinuko. Zinapata joto, gari linaanza kutetemeka, kisha taa ya onyo. Ya 2.0 TDI ina klachi za kwenye mafuta, haina shida hiyo.

---

Mwanaanga_Alb

Asanteni sana, Land Cruiser nimeifuta. Nimepima kama Kipanga alivyosema, mizani imesoma kilo 38. Nifanyeje? Na je, Model Y niiondoe kabisa? Pia Octavia niliyoiona haina ndoano, mwenye gereji anasema ataifunga siku moja.

---

Kipanga77

38 ni kidogo. Usiongeze mawe mbele! Hamisha kwanza. Gurudumu la spea na vifaa vyote vizito vipite mbele ya ekseli, vifungwe visiteleze. Pima tena. Halafu angalia kizuizi kinachoshikilia mwili wa glaida kwenye reli: kwenye trela nyingi kinaweza kusogezwa. Sentimita chache kuelekea mbele zinaonekana kwenye mizani, ila hakikisha usukani wa mkia haugusi ukuta wa mbele na mlango unafunga bila kulazimishwa.

Kikombe cha kuzuia kuyumba, cha AL-KO au Winterhoff, ni nyongeza nzuri lakini si tiba ya mzigo mbaya. Kinashika kwa pedi za msuguano, kwa hiyo kichwa cha ndoano kiwe kikavu, hakuna grisi, na rangi mpya ikwanguliwe. Pima kipenyo cha kichwa pia. Kinaanza na milimita 50, kikifika 49 kinabadilishwa.

Trela likianza kuyumba: mguu utoke kwenye mafuta, usukani ushikwe sawa, usifukuzane na mkia. Kuongeza mwendo ili "kulinyoosha" ni ushauri wa baa.

---

FundiEkseli

Kuhusu gereji: muulize kama waya atakazofunga ni za gari hilo hasa au za kuchomekea kwenye taa. Zikiwa za kuchomekea, kompyuta haijui kama kuna trela. ESP (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) haitatuliza trela, vihisi vya nyuma vitapiga kelele ukirudi, na taa za LED za trela zitakuletea onyo la balbu iliyoungua. Dai waya za gari hilo, soketi ya pini 13, na kompyuta iwekewe programu ya trela.

Model Y inaruhusiwa 1,600 ikiwa na ndoano ya kiwandani, nguvu si tatizo. Tatizo ni safari. Panga kama vile umepoteza angalau theluthi moja ya umbali wako, na kwenye vituo vingi utalazimika kufungua trela la mita 10 uliache pembeni ndipo uchaji. Kwa kufuata glaida jioni, betri ikiwa nusu na hujui imetua kijiji gani, mimi ningebaki na dizeli.

Tempo 100 (ruhusa ya kuvuta trela kwa kilomita 100 kwa saa) ichukue. Bila kibandiko chake ni 80 tu kwenye Autobahn (barabara kuu ya mwendo kasi). Trela liwe na shokapu, tairi zake ziwe chini ya miaka 6 na za daraja la mwendo L au zaidi, gari liwe na ABS, na uzito wa juu wa trela usizidi mara 1.1 ya G ya gari. Octavia ya kilo 1,450 inafika 1,595, umepita. Angalia tarehe za tairi leo: haya matrela yanalala, tairi zinazeeka zikiwa bado na meno.

Na kama trela lina namba za kijani, halilipi kodi kwa sababu ni la vifaa vya michezo. Shemeji akiomba mhamishe kochi, jibu ni hapana.

---

MamaDizeli

Kwa Serres: ukipita Uswisi trela linahitaji vignette (stika ya ushuru wa barabara) yake mbali na ya gari. Wengi wanapita Mulhouse, Besançon, Lyon, Grenoble. Baada ya Grenoble kuna Col de la Croix-Haute, njia ya mlimani yenye kimo cha karibu mita 1,180. Kupanda si kazi. Kushuka, ingia gia ya chini kabla ya kona ya kwanza. Breki za trela hilo zinafanya kazi kwa kusukumwa na trela lenyewe, kwa hiyo ukiburuza mguu kwenye pedali mteremko mzima na zenyewe zinasuguana mteremko mzima. Kanyaga kwa nguvu kidogo, kwa muda mfupi, achia zipoe.

Simama baada ya kilomita 50 za kwanza ukaze boliti za magurudumu kama yalifunguliwa, shika kitovu cha gurudumu kwa mkono. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwingine, breki imeshika au beringi inakufa. Na jaribu jeki ya gari chini ya trela ukiwa bado nyumbani, maana nyingi haziingii.