Mliopitia baridi ya Glasgow: Desemba hadi Machi mlikuwa mnaenda wapi? Tupeane uzoefu

Mtu wa Kilwa:
Habari wakuu. Uzi huu ni kwa ajili ya wageni wanaoingia Glasgow, huku Uskoti, Septemba, na ikifika Desemba wanaulizana jua limehamia wapi. Mwishoni mwa mwaka linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo jioni limeshazama, na hapo katikati ni mawingu na manyunyu. Ukijifungia chumbani na simu yako utanyong'onyea. Ila huu mji msimu wake wa shughuli ndio huo huo wa baridi. Kila mtu aseme alienda wapi, alitoa shilingi ngapi na kama anaweza kurudi.

Naanza. Jumba la makumbusho la Kelvingrove, kiingilio bure. Mle ndani kuna ogani, kile kinanda kikubwa cha mabomba, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1901, na mchana mpigaji anapanda ghorofani anaifungulia. Msidhani ni nyimbo za ibada tu, jamaa anachomekea hata muziki wa filamu. Akikanyaga zile noti nzito unazisikia kwenye ubao wa kiti ulichokalia. Watu chini wanakunywa chai, watoto wanamzunguka Sir Roger, tembo wa Asia aliyekaushwa. Alikuwa kwenye bustani ya wanyama hapa hapa mjini mpaka alipokuwa mkali, wakampiga risasi mwaka 1900. Nimepitisha Jumamosi nyingi pale, na joto la jengo hulilipii.

nyarkisumo:
Celtic Connections, tamasha la muziki la Januari, na mengine ni mbwembwe. Ilianza 1994 kwa sababu ya kibiashara kabisa: ukumbi mkubwa wa muziki wa jiji, uliofunguliwa 1990, ulikuwa unakaa mtupu Januari watu wakiwa wamefilisika na Krismasi. Wakajaza pengo kwa fidla na bagpipe, lile zumari la mfuko. Sasa hivi tamasha linachukua zaidi ya wiki mbili na limesambaa kumbi kibao. Mastaa wana bei yao, sitadanganya mtu. Lakini ulizeni Danny Kyle's Open Stage, jukwaa la wasanii chipukizi, unaingia bure.

Halafu kuna baa zenye muziki huo huo. Msiogope, soda inauzwa. Wapigaji wanakaa kwenye meza ya kawaida, hakuna jukwaa wala maiki. Mmoja anaanzisha, wenzake wanadaka, wimbo unaingia kwenye mwingine bila mtu kusema neno. Ukiona kiti kitupu kwenye meza yao usikikalie, mwenye banjo yuko njiani. Na usipige makofi ya kuwapa mdundo, kama hujaombwa.

Mama Wawili:
Wanangu, mie nitawaambia ya Burns Supper. Robert Burns, mshairi wao, kazaliwa 25 Januari 1759, na kila mwaka siku hiyo anafanyiwa karamu. Basi mnaambiwa simameni. Anaingia mpiga bagpipe, nyuma yake mpishi na sinia, juu ya sinia haggis inafuka moshi. Mtu mzima na sketi yake anaisomea haggis shairi la kuisifu, kwa mikono na macho, kama anaitongoza! Akifika kwenye ubeti wa kisu anaichoma kweli, utumbo unapasuka, ukumbi mzima vifijo. Kwetu tunamsifu bibi harusi, wenzetu wanasifu tumbo la kondoo. Ndani yake ni moyo, ini na mapafu, oti, kitunguu na pilipili manga. Nyarkisumo, wewe utasema ni mtura, ile soseji yenu ya utumbo, uliokosa makaa.

Baada ya chakula ni ceilidh, ngoma yenyewe. Kuna mtu anaelekeza hatua kabla muziki haujaanza, kwa hiyo ugeni si kisingizio. Ile ya Strip the Willow ndiyo inayotoa jasho: mnapanga mistari miwili, unazunguka na mwenzio kwa mkono wa kulia, unampokea wa pembeni kwa kushoto, unarudi kwa mwenzio, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Shikaneni viwiko, vidole vitateguka. Mtandio ubaneni kwa pini, na gauni refu siku hiyo liacheni nyumbani.

zamu_ya_usiku:
Mnaongea kama wote tuna jioni. Wengine tunalea wazee usiku kucha, na kuna tiketi za matamasha bei yake ni posho ya wiki.

Cha kwangu ni tamasha la filamu, mwishoni mwa Februari kuingia Machi. Glasgow Film Theatre, mtaa wa Rose, sinema ya tangu 1939. Wana desturi ya kuonyesha filamu za zamani asubuhi bila malipo wakati wa tamasha. Natoka zamu, napata uji mahali, nawahi foleni. Nusu ya filamu hizo nimezilala, na viti ni vizuri.

Mtu wa Kilwa:
😂 Mkuu, hiyo nayo ni sanaa. Wenye watoto je? Na Edinburgh mwaka mpya mnaishauri?

Bin Tumbatu:
Watoto wapeleke panto, mchezo wa jukwaani wa vichekesho, Desemba mpaka mwanzoni mwa Januari. Kumbi za King's, Pavilion na Tron zote huwa nazo. Mwanamume kavaa gauni na matiti ya bandia ndiye mama wa hadithi, adui akitokea ukumbi unazomea, na watoto wanapiga kelele "yuko nyuma yako!" Wangu walirudi sauti zimekauka. Utani wa lafudhi ya Glasgow mimi ulinipita nusu, wao waliucheka wote.

Edinburgh mwaka mpya ni pazuri, ila mambo mengi yako nje, na upepo hauna adabu. Tarehe 31 Desemba 2024 sherehe za nje zilifutwa, watu wameshalipia hoteli. Ukienda, nunua tiketi ya kitu cha ndani pia.

nyarkisumo:
Mama Wawili, swali la rafiki yangu: haggis ya halali ipo?

Mama Wawili:
Ipo, kwenye bucha za Waislamu, Januari uliza mapema. Na ya mboga imejaa supamaketi, maharage, dengu na oti. Wala mie hiyo ndiyo naipenda zaidi, na pilipili ya kukaanga pembeni.