Leseni ya bangi jimbo la Washington: ghala lililo karibu na bustani na shule linafaa?

Mlimaji253:
Habari zenu wakuu. Tunanunua leseni ya uzalishaji (kulima bangi) daraja la 2 na tunataka kuihamishia kwenye ghala la kupanga. Bustani ya umma iko futi 700. Shule ya msingi iko futi 1,150, kutoka mlango wa ghala hadi geti la shule. Kanisa tumepakana nalo. Mwenye ghala anataka tusaini wiki hii. Panafaa?

Kamba_ya_Kupimia:
Usisaini bado. Sheria ya jimbo inataka biashara ya bangi iwe angalau futi 1,000 (kama mita 305) kutoka shule, bustani za umma na maeneo mengine kadhaa yaliyoorodheshwa. Umbali haupimwi mlango kwa geti. Unapimwa kwa mstari ulionyooka, mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja. Shule ikiwa na uwanja mkubwa wa mpira upande wenu, zile futi 1,150 zinaweza kushuka chini ya 1,000, na hapo hakuna wa kukuokoa. Fungua ramani ya viwanja ya kaunti upime upya.

Bustani ni habari nyingine. Tangu 2015 jiji au kaunti inaweza kupunguza umbali hadi futi 100 kwa bustani, maktaba, vituo vya kulelea watoto na vituo vikuu vya mabasi, ila lazima iwe imepitisha sheria ndogo. Shule na viwanja vya michezo ya watoto havipunguzwi. Kwa hiyo nenda kaangalie bustani yenyewe: ikiwa na bembea na vitelezeo vya watoto, inaweza kuhesabiwa kama uwanja wa michezo, na futi 700 hazitoshi. Watu wengi hunaswa hapo. Kanisa halimo kwenye orodha hiyo ya maeneo.

FundiVibali:
Naongezea. Leseni ya jimbo haikupi haki ya kujenga. Jiji linaweza kukataza biashara hii kabisa, kwa hiyo anzia idara ya mipango miji, uombe jibu la maandishi kwamba kanda ya kiwanja hicho (matumizi ya ardhi yaliyopangwa hapo) inaruhusu uzalishaji. Bodi ya jimbo inayotoa leseni nayo huijulisha serikali ya mtaa, ambayo ina siku 20 za kuweka pingamizi.

Daraja la 2 ni futi za mraba 2,000 hadi 10,000 za eneo la mimea, kwa hiyo ulizia umeme mapema. Ghala la kuhifadhia mizigo mara nyingi halina umeme wa kubeba taa na viyoyozi vya ukubwa huo, na kubadili matumizi ya jengo huleta ukaguzi wa zimamoto. Katika kaunti za King, Pierce, Snohomish na Kitsap kunahitajika pia kibali cha hewa kwa sababu ya harufu. Picha za kamera zitunzwe siku 45.

Mkataba wa pango uwe na kifungu kwamba vibali vikikataliwa, unavunjika na amana inarudi. Mwenye ghala akikataa kifungu hicho, tafuta ghala lingine.

Bi_Mwanasha:
Nani kati yenu hajawa raia wa Marekani? Sheria ya shirikisho bado inaikataza bangi, na mwongozo wa uhamiaji wa Aprili 2019 unasema wazi kwamba kufanya kazi kwenye biashara hii kunaweza kukunyima uraia, hata jimbo likiruhusu. Mwenye grini kadi aonane na wakili wa uhamiaji kabla jina lake halijaandikwa popote.

Mlimaji253:
Nimepima kwenye ramani ya kaunti: shule ni futi 940. Tunaliacha hilo ghala. Wenzangu wawili wana grini kadi, nawapeleka kwa wakili kwanza. Asanteni sana.