Kuunganisha msaidizi wa akili mnemba na kihariri cha Godot: njia ipi inafaa?

Mtaji_64 ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninatengeneza mchezo wa bao la Kiswahili kwa ajili ya simu, nikitumia Godot 4, injini ya kutengenezea michezo. Ubao una mashimo 32, na kila shimo nimeliwekea nodi (kijenzi cha mchezo) ya aina ya Area2D inayotunza idadi ya kete zake. Hadi sasa ninamuuliza msaidizi wa akili mnemba kupitia kivinjari, kisha ninanakili skripti anazoniandikia na kuzibandika katika kihariri. Tabu ni kwamba msaidizi hauoni mti wangu wa nodi, kwa hiyo anabuni njia za nodi ambazo hazipo, na mara kwa mara ananipa mtindo wa Godot 3: anaandika yield mahali pa await, au instance() mahali pa instantiate() pale ninapoumba kete.

Nimesoma kwamba itifaki ya MCP inaweza kumuunganisha moja kwa moja na kihariri. Je, jambo hilo linafaa kwa mradi mdogo kama wangu? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na ninatumia bando la simu, hivyo gharama nayo ni sehemu ya swali.

FundiNodi:

Ndugu Mtaji, MCP ni itifaki huria iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024. Programu ndogo inayoitwa seva humtangazia msaidizi orodha ya zana anazoweza kuziita, na maombi pamoja na majibu husafiri kama ujumbe wa JSON-RPC. Seva hiyo hukaa katika kompyuta yako, ilhali modeli yenyewe hubaki kwa mtoa huduma, kwa hiyo RAM yako haitakuwa kikwazo. Bando pia halitaliwa sana, kwa sababu kinachopita ni maandishi. Gharama ya kuangalia ni ya tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo mtoa huduma huvihesabu: kwa kawaida maelezo ya kila zana hutumwa pamoja na mazungumzo, na seva yenye zana chungu nzima hukulipisha hata zile usizozigusa. Zima usizozihitaji.

Kwa upande wa Godot, seva nyingi huja na programu-jalizi inayowekwa katika folda ya addons, ambayo hupokea maombi na kuyatekeleza ndani ya kihariri chenyewe.

Binti_Skripti:

Mimi ningeuliza kwanza kama muunganisho huo unahitajika kabisa. Faili za .tscn (za maonyesho, yaani scene) na .gd (za skripti) ni maandishi matupu, tofauti na .uasset za injini ya Unreal ambazo ni za jozi (binary) na hazisomeki bila kihariri. Msaidizi anayefanya kazi kwenye terminali, akiwa ndani ya folda ya mradi, anaweza kuusoma mti wako wote wa nodi, akaandika skripti, kisha akaendesha Godot kwa --headless (bila dirisha) pamoja na --check-only ili aone makosa ya sintaksia kabla hujafungua chochote. Kosa la yield atalikuta mwenyewe na kulirekebisha. Kwa mchezo wa bao, ambao uzito wake uko katika kanuni za namua na mtaji, hatua mbili za mchezo, kuliko katika mapambo ya kihariri, naona hilo linatosha.

FundiNodi:

Kwa skripti nakubaliana nawe, dada. Kwa maonyesho ya .tscn nina shaka. Kihariri kikiwa wazi, nakala ya onyesho iko kwenye kumbukumbu. Msaidizi akibadilisha faili kwa nyuma, Godot itakuuliza kama unataka kulipakia upya, na ukijibu vibaya kazi ya upande mmoja inapotea. Zaidi ya hayo, faili hilo hufunga rasilimali zake kwa vitambulisho, na kitambulisho kimoja kilichobuniwa kinatosha kulifanya onyesho likatae kufunguka. Programu-jalizi iliyoandikwa vizuri hupitisha mabadiliko kwa EditorUndoRedoManager, mfumo wa kutengua wa kihariri, kwa hiyo Ctrl+Z inayarudisha kama umeyafanya wewe. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza ninapoichagua: kama hairuhusu kutengua, siiweki.

Ningeanza na zana za kusoma tu, yaani mti wa nodi, sifa za nodi na ujumbe wa makosa wakati mchezo unaendeshwa, kwa kuwa karibu malalamiko yote ya mwuliza swali yanatokana na msaidizi asiyeona. Zana za kuandika zisubiri mpaka ujue tabia yake.

LindoLaPorti:

Niongeze upande wa usalama, kwa sababu wengi huuruka. Kagua kwamba programu-jalizi inasikiliza kwenye 127.0.0.1 (kompyuta yako pekee) na si 0.0.0.0 (mtandao wote), la sivyo yeyote aliye kwenye Wi-Fi moja nawe anaweza kukiagiza kihariri chako. Epuka zana inayoendesha msimbo wowote wa GDScript, lugha ya skripti za Godot, bila kuuliza: skripti hizo zinaweza kuita OS.execute, na hapo msaidizi amepata kompyuta nzima, si mradi pekee. Maagizo mabaya hayatoki kwako tu. Yanaweza kufichwa katika maelezo ya rasilimali uliyoipakua, msaidizi akayasoma na kuyatii. Acha ombi la idhini liwe limewashwa kwa kila zana inayoandika, hata kama linachosha.

Mtaji_64:

Nawashukuru wote. Nimeamua kuandika kanuni za bao katika skripti zisizotegemea nodi, ambazo msaidizi atazijaribu kwa --headless kama alivyoshauri Binti_Skripti, na kuweka programu-jalizi ya kusoma tu kwa upande wa ubao. Bado nina swali moja: katika Git (mfumo wa kutunza matoleo ya faili) nihifadhi nini kabla ya kumruhusu aguse chochote?

Binti_Skripti:

Hifadhi kila kitu isipokuwa folda ya .godot, ambayo kihariri hujitengenezea upya. Usiziache faili za .import, wala zile za .uid zilizoanza na toleo la 4.4, na mwelekeze msaidizi kwamba akihamisha skripti aihamishe pamoja na .uid yake. Kwa kanuni zenyewe, muandikie wewe majaribio ya nyumba (shimo lenye kanuni zake maalumu) na ya takata (zamu isiyo na kula) kabla hajaanza, maana kanuni za mankala, yaani michezo ya jamii ya bao, za nchi nyingine anazijua zaidi na atakuchanganyia.