Tupeane uzoefu: siku mbaya kuliko zote katika vita vya mezani

Mwenyeji wa Milimani (Kisumu): Jana jioni wadudu wa ziwani walivamia sebule yangu muda mfupi baada ya kuwapaka rangi askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika chini ya Waingereza. Ni sanamu ndogo za kimo cha milimita 28, ambazo naziandaa tucheze mezani kwa dadu shambulio la Bukoba la Juni 1915, lile ambalo majeshi yake yalipanda meli hapa hapa Kisumu kwenda kuharibu mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Rangi ya kaki ilikuwa bado mbichi. Asubuhi nilikuta kila askari ana mdudu aliyenata kifuani au usoni, na ukimbandua mdudu, uso nao unatoka. Wenzangu, yenu ilikuwa ipi?

Dadu Sita (Nakuru): Nilisafiri na sanamu za majeshi ya Adwa, vita vya Machi 1896 kati ya Waethiopia wa Mfalme Menelik na Waitaliano, kuja kucheza huko kwenu. Utingo aliniahidi kwamba boksi lingekaa juu ya mizigo yote, lakini tulipofika Mau Summit likapandishiwa gunia la viazi. Mikuki ya wapiganaji wa Menelik ilipinda yote upande mmoja, kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Waitaliano, ambao ni wa plastiki, hawakupata hata mchubuko.

Tepu Mkononi (Eldoret): Naunga mkono. Ndani ya matatu, boksi hukaa mapajani.

Fundi wa Brashi (Kisumu): Mapajani hapana, utasinzia na litaanguka. Lilipie boksi nauli yake.

Mpangaji (Kakamega): Ninyi mlipatwa na wadudu na viazi, mimi niliitiwa kikao cha ploti nzima. Kwa kuwa mchana huwa kazini, sanamu zangu nazipaka rangi usiku, na usiku ule stima ilikuwa imepotea, kwa hiyo niliwasha mishumaa. Nilikuwa natengeneza wapiganaji wa Kinandi wa 1905. Miili ilikuwa imesimama kwa safu, na vichwa, ambavyo hubandikwa baadaye, nilikuwa nimevichomeka kwenye vijiti vya meno ili vikauke. Mtoto wa jirani alichungulia dirishani akaona watu wadogo wasio na vichwa, vichwa vyenyewe vikiwa kando, na mimi nimeinama na kioo cha kukuzia nikikitia kimoja macho huku nikijinong'onea mkono usitetemeke. Alikimbia bila kupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Punde mlango uligongwa kwa utaratibu, nikamkuta mama mwenye nyumba, mzee wa kanisa akiwa na Biblia kwapani, na wapangaji wote nyuma yao. Niliulizwa watu walioko mezani ni akina nani. Nikajibu kwa unyoofu kwamba ni watu waliokufa zamani, 1905, na hapo mzee akaanza kuomba papo hapo. Kueleza kanuni za mchezo hakukusaidia, kwa sababu nilipotoa dadu walidhani napiga bao. Mwishowe mzee alivishika vichwa mwenyewe akaona ni plastiki, lakini mama mwenye nyumba alinitaka nihame mwisho wa mwezi, na amana yangu sijaiona mpaka leo.

Tepu Mkononi: Kwa nini usingesema ni kazi ya shule?

Mwana wa Webuye: Pole sana, ndugu. Hata hivyo nafurahi kwamba kuna anayecheza vita vya kwetu. Kila nikija Kisumu nakuta Waingereza na Wajerumani tu, ilhali Chetambe, ngome ambako Wabukusu walipigana na Waingereza 1895, iko juu ya kilima ninachokiona nikifungua mlango.

Fundi wa Brashi: Chetambe haichezeki. Upande mmoja una Maxim, bunduki ya rashasha, na mwingine umejifungia ngomeni. Nani atakubali kuketi upande huo?

Mwana wa Webuye: Mimi. Mshindi ahesabiwe kwa zamu alizostahimili. Mbona Tanga ya Novemba 1914 mnaicheza, wanajeshi wapatao 8,000 wa Waingereza dhidi ya 1,000 wa Wajerumani, na hao wachache ndio walioshinda?

Tepu Mkononi: Walisaidiwa na nyuki.

Fundi wa Brashi: Nyuki waliuma pande zote mbili. Kanuni zenu za Eldoret zinazompa Mjerumani nyuki wa bure ni upendeleo mtupu, na nimelisema hilo mara nyingi.

Dadu Sita: Mnagombania nyuki na hakuna hata mmoja wenu mwenye mpagazi mezani, ilhali kampeni yote ya Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki ilibebwa vichwani mwao, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Kikosi kisicho na wapagazi kisiruhusiwe kusogea zaidi ya inchi nne.

Fundi wa Brashi: Inchi nne? Basi tutafika Bukoba mwakani.

Mwenyeji wa Milimani: Mpangaji, siku hizi rangi unapakia wapi?

Mpangaji: Kazini, saa ya chakula cha mchana, mlango ukiwa wazi, na kila anayepita namweleza kabla hajauliza. Wapagazi ninao, bado hawana rangi. Dadu Sita akiwataka aje awachukue, ila asije usiku.